Tusimpokonye Mgonjwa Nafasi Yake Katika Safu

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu kwa mwili na nafsi, akavifungamanisha viwili hivyo. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyekuwa akiwaulizia Sahaba zake wasipoonekana, pamoja na jamaa zake, Sahaba zake na wote waliowafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, mwezi huu tunaanza kwa kukiri kosa. Katika msikiti mmoja wa mwambao wa Ziwa Nyasa, ambako huwa tunakwenda kutoa darsa, alikuwapo mzee mmoja aliyezoeleka katika safu ya kwanza, nyuma ya imamu upande wa kulia. Alikuwa mvuvi kwa zaidi ya miaka thelathini, na pale Alfajiri ilipomkuta ziwani aliswali ndani ya mtumbwi. Kisha tukamwona anahamia pembeni, karibu na ukuta. Baada ya miezi michache akakosekana Alfajiri, halafu Isha, na mwisho hata Ijumaa. Sisi, kwa haraka ya ulimi, tukatoa darsa juu ya wanaoacha jamaa kwa uvivu. Hatukumtaja kwa jina, lakini waliokuwapo waligeuka kuitazama nafasi yake iliyokuwa tupu. Mjukuu wake alikuwa miongoni mwa wanafunzi waliokaa mbele. Aliyasikia maneno yetu, akayafikisha nyumbani kama yalivyo.

Ikapita zaidi ya miezi mitatu. Siku moja kijana yule alisinzia mno chuoni, na tulipomuuliza sababu alijibu kuwa babu yake halali usiku, na kwamba yeye ndiye anayemmwagia maji miguuni hadi karibu na adhana. Hapo ndipo tulipofunga safari kwenda kumtazama.

Tulimkuta kibarazani, miguu yake imo ndani ya beseni la maji. Hakutuonyesha kinyongo. Alitukaribisha, akaagiza chai, kisha akasema: "Ustadh, mimi si mvivu wa swala. Nikisimama siisikii ardhi. Nikifumba macho naanguka. Siku ile ya mwisho nilimwangukia mwenzangu katika rukuu, nikasikia vijana wananong'ona kuwa mzee kalewa. Nikaona heri nife kuliko kurudi."

Chini ya unyayo wake wa kushoto palikuwa na kidonda kipana. Msumari ulikuwa umepenya soli ya kandambili, naye akatembea nao tangu asubuhi hadi jioni pasina kujua, mpaka mjukuu alipoiona damu sakafuni. Tulitoka pale tumeinamisha vichwa, kwani tuliyemdhania kuwa amemwacha Mola wake alikuwa ameachwa na sisi.

Maradhi yenyewe ni yapi?

Mzee yule ana kisukari, na kisukari kimeharibu mishipa yake ya fahamu. Sukari inapokaa juu katika damu kwa miaka mingi, huidhuru mishipa hiyo pamoja na mishipa midogo ya damu inayoilisha. Mishipa mirefu ndiyo hutangulia kudhurika. Kwa sababu hiyo maradhi huanza vidoleni mwa miguu yote miwili, yakapanda taratibu kwa umbo la soksi, na baadaye yakashika ncha za vidole vya mikono. Madaktari hukadiria kuwa hadi nusu ya wenye kisukari hupatwa na madhara haya katika uhai wao.

Mmoja huhisi nyayo zinawaka moto, au anachomwa sindano, au shuka jepesi linamkwaruza kama msasa, na mara nyingi maumivu hayo huzidi usiku. Mwengine hahisi kitu chochote. Na wapo waliokusanyiwa yote mawili: mguu unaowanyima usingizi usiku ndio huo huo usiosikia msumari mchana. Jambo hili huwafanya watu wa nyumbani wadhani kuwa mgonjwa anasema uongo.

Hapa kwetu hatari zinafahamika. Katika milima ya Umatengo, baridi ya mwezi wa sita na wa saba huwasukuma watu kuota moto jikoni, na mwenye ganzi huungua vidole huku akiendelea na mazungumzo. Huku mwambao, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, mchanga wa adhuhuri huunguza, na ndoana na miba ya samaki hutapakaa pwani wanapoanikia dagaa. Jijini Dar es Salaam, Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake, waliotumia miaka mingi kuwatibu wenye vidonda vya kisukari, walichapisha mwaka 2005 taarifa ya wagonjwa walioumwa na panya miguuni usiku wakiwa wamelala. Ganzi iliwazuia kuamka. Atakayetafakari hali ya mtu anayeamka asubuhi akakuta kidole chake kimetafunwa, ataelewa kwa nini baadhi yao huogopa hata kulala.

Wala tusidhani kuwa haya ni maradhi ya matajiri wa mijini. Ni kweli kwamba uchunguzi uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989, ukiongozwa na Profesa Donald McLarty, ulikuta kisukari kwa watu wasiofika mmoja katika kila mia. Lakini uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowapima watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 9.1. Tafiti hizo mbili hazikupima watu wa rika moja, hivyo hatuzilinganishi kama mizani miwili ya dukani, lakini aliye na macho ataona mwelekeo. Katika safu moja ya msikiti yenye watu wazima ishirini, haitakuwa ajabu kumkuta mmoja au wawili wenye maradhi haya, na huenda hawajui.

Aidha, si kila ganzi ni kisukari. Ukoma huleta ganzi, ulevi huleta ganzi, na upungufu wa vitamini B12 huleta ganzi, upungufu ambao unaweza kumpata hata mgonjwa wa kisukari aliyetumia dawa ya metformini kwa muda mrefu. Kwa hiyo mwenye dalili asijihukumu mwenyewe wala asihukumiwe na jirani. Aende akapimwe.

Yanavyoingia moyoni

Juu ya mguu watu husema mengi. Juu ya moyo wa mwenye mguu huo hatusemi chochote, na ndilo lililotufanya tushike kalamu. Imethibiti kwa watafiti kuwa sonona, yaani ile huzuni nzito inayokaa na mtu na kumwondolea hamu ya kila kitu, huwapata wenye kisukari takriban mara mbili zaidi ya wasiokuwa nacho. Na aliyeharibikiwa mishipa ya fahamu yumo katika hatari zaidi.

Mwaka 2005, watafiti walioongozwa na Loretta Vileikyte walichapisha matokeo ya kuwachunguza wagonjwa wa namna hii huko Uingereza na Marekani, wakitafuta ni kipi hasa kinachowavunja moyo. Mtu angetarajia kuwa jibu ni maumivu. Maumivu yamo, lakini jambo lililofungamana zaidi na huzuni yao lilikuwa kuyumba, yaani kutojiamini katika kusimama na kutembea. Na kilichofuatana na kuyumba huko ni kushindwa kutekeleza wajibu wao wa kila siku na kujiona hawana thamani tena mbele ya watu wao.

Tuliposoma habari hiyo tulimkumbuka mzee wetu. Hakutuambia kwanza kuwa anaumwa. Alituambia kuwa haisikii ardhi. Mvuvi asiyeweza kusimama mtumbwini si mvuvi tena. Mkulima wa kahawa wa Mbinga asiyeweza kushuka bondeni wakati wa kuchuma huona wanawe wakimpita na vikapu, naye amekaa uani na kuku. Na muumini asiyeweza kusimama katika safu, akiona hakuna aliyemuuliza, hudhani kuwa hata kwa Mola wake ameondolewa katika orodha. Mtu hupoteza kazi, kisha nafasi nyumbani, kisha nafasi msikitini. Ya mwisho ndiyo sisi tuliyomnyang'anya kwa mikono yetu.

Kuna na aibu, na aibu ina milango mingi. Kidonda hutoa harufu, na mwenye harufu huogopa kukaa bega kwa bega na wenzake. Watu wakiona vidole vimekatika hunong'ona kuwa ni ukoma, wakasogeza vikombe vyao, ilhali kisukari hakiambukizi kwa kugusana, na ukoma wenyewe siku hizi una dawa ya kuuponya. Mishipa ya fahamu ikidhurika ndani ya mwili, mkojo huweza kumponyoka mtu bila hiari yake, na mume huweza kushindwa na haki ya ndoa. Haya hayasemwi mbele za watu. Mume hunyamaza, mke hudhani amechukiwa, na nyumba hujaa baridi bila ya yeyote kujua kuwa chanzo chake ni maradhi yanayozungumzika kwa daktari.

Na juu ya yote kuna khofu ya kukatwa mguu. Kila mmoja amesikia habari ya jirani aliyepelekwa Songea na kurudi na mguu mmoja, au asiyerudi kabisa. Kwa hiyo mwenye kidonda hukificha. Hukifunga kwa kitambaa, akakaa kimya, mpaka kikawa donda ndugu, na hapo lile alilolikhofia likamfika kwa sababu ya khofu yenyewe. Mwenye moyo uliovunjika hatazami miguu yake, hafuati mlo, hanywi dawa kwa wakati wake. Basi anayeutibu mguu akauacha moyo, ametibu nusu ya mgonjwa, na nusu iliyobaki itamharibia ile aliyoitibu.

Huzuni si upungufu wa imani

Wapo miongoni mwetu wanaomwambia mgonjwa mwenye huzuni kuwa imani yake imepungua, na lau angelizidisha dhikri asingelilia. Kauli hii haina msingi katika dini yetu. Suratu Yusuf inatueleza habari za Nabii Yaqub (a.s.), ambaye alihuzunika kwa kumkosa mwanawe hata macho yake yakafanya weupe, naye ni Nabii. Alilalamika, lakini malalamiko yake aliyaelekeza kwa Mola wake. Wanazuoni wa sira wameuita mwaka aliofariki Bibi Khadija (r.a.) pamoja na Abu Talib kuwa ni mwaka wa huzuni, na aliyehuzunika humo ni mbora wa viumbe. Subira ni namna mtu anavyokwenda na uchungu wake. Mwenye subira huumia kama wengine.

Wanazuoni wetu wa kale walilijua hili zaidi ya zaidi yetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, sawa na mwaka 934 Miladia, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Humo alieleza kuwa mwanadamu ameundwa kwa mwili na nafsi, hivyo mwili ukiugua nafsi hupungukiwa na ladha na ufahamu wake, na nafsi ikiugua mwili nao hudhoofika. Kisha akaigawa huzuni sehemu mbili: ile ambayo sababu yake inajulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na ile isiyojulikana sababu, ambayo kwa maoni yake chanzo chake kimo mwilini na hutibiwa kwa dawa za mwili. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita na Mwislamu, kwa Kiarabu. Vipi leo tuwaone wanaotafuta tiba ya huzuni kuwa wameiga wasiokuwa Waislamu?

Tunasema hivi kwa sababu tumeshuhudia madhara yake. Kuna dawa iitwayo amitriptilini ambayo madaktari huitoa kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu. Dawa hiyo hiyo ilianza kutumika kutibu sonona. Mgonjwa mmoja aliambiwa na ndugu zake kuwa amepewa vidonge vya wendawazimu, akavitupa chooni, akarejea kwenye usiku wake wa moto. Dawa hii haifai kutumiwa bila ya daktari, kwani huweza kuleta kizunguzungu na kumwangusha mtu mzima. Lakini kuitupa kwa sababu ya maneno ya watu ni kujidhulumu.

Kadhalika tumesikia mara nyingi kuwa mwenye mguu wa ganzi "amekanyaga kitu" njiani, yaani ametegwa na hasidi. Tazameni balaa ya kauli hii. Mgonjwa hutumia fedha za matibabu kwa waganga, huchanjwa kwa wembe katika mguu usiohisi na usiopona upesi, kisha hutoka pale na sumu nyengine: huanza kumshuku jirani, mkwe au mke mwenza. Alikuwa na maradhi moja, sasa ana maradhi na uadui. Kujisomea Qur'an na kuomba dua ni jambo jema lililothibiti, wala halipingani na hospitali. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mabedui kama watafute tiba, aliwaamuru wajitibu. Lakini hirizi na ramli si katika dini yetu.

Wepesi wa sharia ni tiba ya moyo

Jambo kubwa linalomwelemea muumini mwenye maradhi haya ni kuona kuwa ibada yake imeharibika. Hapa ndipo wenye elimu tunapowajibika, kwani mara nyingi anachohitaji ni mas-ala mawili au matatu yaliyo wazi.

Anayekhofia kuanguka na aswali ameketi. Sahaba Imran bin Huswayn (r.a.) aliugua, na Mtume (s.a.w.) akamwelekeza aswali amesimama, asipoweza aketi, asipoweza alale ubavu. Mwenye kidonda kilichofungwa hupangusa juu ya bendeji, na maji yakimdhuru, hutayamamu. Aliyevaa khofu za ngozi akiwa na tohara hupangusa juu yake mchana mmoja na usiku wake akiwa mkazi, na siku tatu akiwa msafiri. Huo ni wepesi unaomkinga pia na mawe, miba na mchanga wa moto, madhali kila siku anazivua na kuzikagua ndani. Mwenye kuponyokwa na mkojo hujistiri, akatawadha kwa kila swala baada ya kuingia wakati wake, akaswali na wala asijali kinachomtoka.

Na anayeweza kuosha miguu, ile sunna ya kupitisha vidole kati ya vidole vya miguu aifanye pia kuwa ukaguzi wake: atazame, apapase, akaushe kwa kitambaa. Maji ya moto asiyapime kwa mguu. Ayapime kwa kiwiko, au ampe mwengine ampimie.

Kuhusu Ramadhani, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 19 kilichofanyika Sharjah mwaka 2009, liliwagawa wenye kisukari katika makundi manne kwa kadiri ya hatari iliyo juu yao, likabainisha kuwa wale ambao madaktari wanaona saumu itawaletea madhara makubwa hawapaswi kufunga. Basi anayekula mchana wa Ramadhani kwa udhuru huu asitazamwe kwa jicho la dharau. Naye asijitie katika hatari kwa kuwaonea watu haya.

Enyi ndugu zetu walimu na maimamu, tuogope kutoa fatwa kwa ukali bila elimu. Katika hadithi iliyopokewa kwa Jabir (r.a.) na kuhifadhiwa na Abu Daud, mtu mmoja alijeruhiwa kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba. Aliwauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hawaoni ruhusa. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliwakemea vikali, akaeleza kuwa dawa ya asiyejua ni kuuliza. Nasi tulipotoa darsa lile la uvivu hatukuwa tumeuliza.

Habari ya Urwa tunayoisimulia nusu

Katika mihadhara tunapenda kusimulia habari ya Urwa bin Zubayr, mmoja wa mafakihi saba wa Madina. Alisafiri kwenda Sham kwa Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik, akapatwa na donda lililokula mguu wake, madaktari wakashauri ukatwe, naye akasubiri kwa subira ya ajabu. Katika safari hiyo hiyo mwanawe alipigwa teke na mnyama akafariki. Tunaisimulia habari hii, kisha tunamgeukia mgonjwa wetu na kumuuliza: mbona wewe walia?

Lakini habari hiyo ina mwisho ambao hatuusemi. Urwa aliporejea Madina watu walimwendea kumpa pole, na imepokewa kuwa mmoja wao alimwambia kwa maana hii: sisi hatukuwa tukikuhitaji kwa mieleka wala mashindano ya mbio. Kile tulichokuwa tukikihitaji kwako, elimu yako na rai yako, Allah ametubakishia. Tazameni, ndugu zangu, hekima ya maneno haya. Msemaji hakumwambia Urwa kuwa mguu si kitu, wala hakumwamuru asihuzunike. Alimwonyesha kuwa nafasi yake ingalipo na kuwa watu wangali wanamhitaji. Hiyo ndiyo dawa ya lile jeraha ambalo watafiti wa mwaka 2005 walilikuta.

Tufanye nini?

Kwanza, kila msikiti uwe na viti viwili au vitatu imara, na viwekwe ndani ya safu. Visisukumwe kwenye kona ya nyuma karibu na viatu. Mgonjwa asimame au aketi bega kwa bega na wenzake. Njia ya kutoka mahali pa udhu hadi mlangoni iondolewe changarawe na vigae, na iwekwe taa, kwani asiyeisikia ardhi hutegemea macho yake.

Pili, asiyeonekana Ijumaa mbili aulizwe kwa miguu, mtu aende nyumbani kwake. Anayekwenda amuulize mgonjwa hali ya usingizi wake, hamu yake na moyo wake, si sukari peke yake. Mtu akikaa wiki mbili au zaidi akiwa mzito wa huzuni karibu kila siku, au hana raha katika lolote alilolipenda, hilo ni jambo la kumfikisha kwa mganga wa kituo cha afya. Na akisema heri afe, kama alivyotuambia mzee wetu, tusikimbilie kumkaripia kuwa ni haramu. Hukumu ataisikia baadaye. Kwanza tukae naye, tumsikilize, tusimwache peke yake, na tumfikishe kwa wataalamu siku hiyo hiyo.

Tatu, sehemu ya sadaka ya Ijumaa itengwe kwa ajili ya nauli na dawa. Lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay imefupisha safari, lakini nauli haijawa bure, na mgonjwa wa miguu hawezi kwenda peke yake. Kidonda cha mguu wa kisukari hakingoji gulio lijalo. Kifikishwe kituo cha afya mapema, na ikibidi hospitali ya Liuli, ya Litembo, ya Mbinga au ya mkoa huko Songea. Vidonda vingi vinavyowahiwa hupona bila ya mguu kukatwa, na mgonjwa akilijua hilo hupungukiwa na ile khofu inayomfanya afiche.

Nne, watu wa nyumbani wasimwondoe mgonjwa katika mambo yao. Ashauriwe, apewe kazi anayoiweza. Mke na mume wazungumze, na wakishindwa wazungumze na daktari. Waswahili wamesema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Maumivu yasiyoonekana yaaminiwe kwa kauli ya mwenye nayo.

Mzee wetu alipelekwa hospitali. Kidole kimoja kilikatwa na mguu ukabaki, kwa rehma za Allah (s.w.). Ganzi haikuondoka, na madaktari walimweleza kwa ukweli kuwa huenda isiondoke, ila sukari ikishikwa vizuri madhara yatapungua kasi. Sisi tulikwenda kwake kumwomba radhi mbele ya mjukuu wake, kisha tukaomba radhi mbele ya jamaa, kwa kuwa kosa letu lilikuwa la hadharani. Kisha tukamwomba jambo: hifadhi yake ya juzuu amma ni nzuri, nasi watoto wametuzidi, je, ataweza kuwasikiliza baada ya Alasiri? Alikaa kimya kitambo. Akasema: "Nitawasikiliza, Ustadh. Masikio yangu hayana ganzi."

Siku hizi huketi kwenye kiti katika safu ya kwanza, upande ule ule wa kulia. Zipo siku ambazo huja uso umemvimba kwa kukosa usingizi, na zipo siku ambazo haji. Akikosa, kabla ya jua kuzama mtu huwa amekwisha kumpigia hodi.

Tunamuomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu, awape familia zao nguvu na huruma, atusamehe tuliowadhania vibaya waja wake, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuuliza kabla ya kuhukumu. Amin.

Wabillahi tawfiq.